Waya wa Kumi na Tatu

Nakumbuka Jumamosi moja, Nekesa mwanangu, ambayo nimeisimulia nusu yake mpaka imechakaa. Nusu hiyo hata wewe unaijua: kwamba nilikuwa kijana wa kuruka mitaro, kwamba jioni ile niliimba kanisani Sarang'ombe hadi akina mama wakapiga vigelegele, na kwamba ndiyo siku Auma, aliyekuja kuwa mama wa watoto wangu, aliponitazama mara ya kwanza. Wageni wakija hapa huniomba, "Mzee Okoth, tupigie ile stori ya kwaya." Nami huwapigia. Nusu iliyobaki nilimwambia mtu mmoja tu, na huyo tulishamzika.

Leo nitakwambia wewe. Umekuja hapa kwangu Kawangware na viatu vyako vipya vya kazi, vile vizito vyenye chuma kidoleni, umevibeba kwenye kiondo kama mtoto mchanga. Umeniambia Jumatatu unaanza kazi ya rilei katika kituo cha umeme, nikafurahi, nikakumiminia chai. Halafu ukasema unaogopa. Nikakuuliza unaogopa nini na shule umemaliza. Ukanijibu, "Mzee, si unajua ya babu. Alisahau kitu moja tu, na ona vile iliisha. Sitaki kuwa kama yeye." Ulisema kwa upole, bila lawama, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo wao.

Tangu useme hivyo chai yangu imepoa na sijaigusa. Nimechoka, mwanangu. Kazi niliacha zamani, miguu hii haina tena pa kwenda, lakini kuna uchovu ambao kulala hakuutoi. Basi weka kikombe chini na usinikatize, maana nikikatizwa najijua, nitarudi kwenye stori ya kwaya.

Sisi wa mtaa wa mabanda wa Kambi Muru tulijifunza umeme kabla ya kufundishwa. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na sita na fyuzi moja. Kila jioni pasi na majiko yakiwashwa pamoja, fyuzi inakatika, watoto wanapiga kelele, na mwenye nyumba hapatikani. Wewe unajua fyuzi ni nini: ni kawaya kembamba kalikowekwa pale kafe kwanza ili nyumba isiungue. Lakini nani alikuwa na subira ya kukaelewa? Nilichukua waya mnene wa shaba nikaufunga mahali pake. Hakuna kilichokatika tena. Kuanzia siku hiyo nikaitwa fundi, na mama mmoja jirani, Mmaragoli, akanipikia kuku mzima. Miezi michache baadaye ukuta wa mbao nyuma ya mita ulikuwa umebabuka kwa joto. Tulitundika kalenda juu yake, tukaendelea kupiga pasi.

Sikwambii haya nijitetee. Nataka ujue ule mkono ulioingia kituoni ulikuwa umezoea nini. Ulizoea kwamba kitu kikisumbua, dawa yake ni kukinyamazisha.

Aliyenitoa Kambi Muru ni babu yako, Mzee Makokha. Hukumjua akiwa na nguvu zake. Alikuwa mrefu, mtu wa Bungoma, mwenye tabia ya kuguna kabla ya kujibu swali lolote, hata ukimuuliza kama amekula. Wakati huo alikuwa akiishi mtaa wa Olympic, nyumba ya mawe, vyumba viwili, maji ndani. Alikuwa mzee wa kanisa letu. Aliniona nikitengeneza spika iliyoharibika katikati ya mahubiri, nikaimaliza kabla ya amina. Jumapili iliyofuata akaniambia, "Wewe kijana uko na mikono, lakini huna adabu ya waya. Kuja nikufunze." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Kituo chenyewe kilikuwa nje ya jiji, na jina lake haliongezi kitu hapa. Nyuma ya mitambo kulikuwa na yadi pana ya kokoto, na juu ya yadi yamelazwa mabomba marefu ya alumini yaliyobebwa na vikombe vya kauri. Umeme wote wa mitambo huingia kwenye mabomba yale, na laini zote za kwenda mjini hutokea pale pale. Wenyewe tuliyaita basibaa. Laini moja ikiharibika, mtaa mmoja hukosa taa. Basibaa zikiharibika, hakuna anayebaki salama, na aliye karibu zaidi ni yule anayetembea kwenye kokoto.

Kuzilinda kulikuwa na rilei. Wewe umesoma, utanicheka kwa ninavyoeleza, lakini babu yako alinieleza hivi hivi nami nikaelewa. Rilei ni kisanduku chenye kioo, kiko ndani ya chumba cha paneli. Kila laini kule nje imevishwa kipimo, na kila kipimo kinaletea rilei habari kwa waya wake. Hesabu ya rilei ni moja maisha yake yote: umeme ulioingia uwe sawa na uliotoka. Usipokuwa sawa, kuna mahali unavuja, nayo hukata kila kitu kabla hujapepesa jicho. Waya mmoja wa kipimo ukilegea, hesabu hupungua kidogo tu, haikati, ila kengele hulia ili mtu aje atafute.

Sasa, kutafuta waya uliolegea si kushikashika. Unaweza kulitia jiji zima gizani, au ukajiua mwenyewe. Kwanza unaiziba rilei macho, kwa vipande vifupi vya waya vinavyounganisha njia zake ili isione lolote. Ikishazibwa, yadi yote haina mlinzi. Na hapo ndipo babu yako alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa fundi mwingine.

Nyaya zake za kuzibia zilikuwa kumi na mbili, zote nyekundu, na alizihifadhi katika kopo kuukuu la mafuta ya kupikia. Ukichukua mmoja, unaandika kitabuni. Wewe unatia sahihi, naye anatia sahihi. Na kulikuwa na sheria ambayo hatukuthubutu kuigusa: aliyeweka nyekundu haendi nyumbani mpaka aitoe. Iwe mvua, iwe msiba. Kazi ikiisha, alimwaga kopo juu ya meza na kuhesabu kwa Kibukusu, kwa sauti, mpaka zinatimia kumi na mbili. Ndipo anaguna, ndipo tunanawa mikono. Vijana wengine walimwigiza nyuma ya mgongo wake, na mimi nilikuwa hodari wa kumwigiza kuliko wote.

Nyaya nyingine zote ndani ya paneli, mamia kwa mamia, zilikuwa za kijivu.

Wiki ile laini mpya ilikuwa imeunganishwa. Ijumaa kengele ikaanza kulia. Jumamosi asubuhi tukaingia mimi na babu yako kutafuta. Tuliziba rilei kwa nyekundu, tukaandika, tukatia sahihi. Kisha yeye anasoma namba kwenye mchoro, mimi naigusa, naivuta kidogo, najibu, "Imeshika." Namba, gusa, vuta, jibu. Namba, gusa, vuta, jibu. Ukiwa na miaka ishirini na miwili, mwanangu, kazi ya namna hiyo inakukausha mate. Tulipofika kama nusu, akaitwa chumba cha kuongozea mitambo. Tukatoa nyekundu zote, akazihesabu, maana hakuwahi kuiacha rilei imezibwa akiwa hayupo. Kengele ikaanza upya.

"Okoth," akaniambia, "huko nitakawia. Malizia hiyo nusu. Nyekundu unajua ziko wapi. Andika kwa kitabu, nitapita nisaini."

"Sawa, mzee."

"Na usishindane na saa. Waya haina haraka na mtu."

Saa sita ilikuwa imeshapita. Lori la kampuni la kuturudisha mjini lilikuwa linaondoka saa saba unusu. Saa tisa kulikuwa na mashindano ya kwaya kule Sarang'ombe, mimi ndiye nilitegemewa kuunganisha vipaza sauti, mimi ndiye sauti ya tatu, na katika kwaya ya Kawangware kulikuwa na msichana mwenye mwanya ambaye nilikuwa nimemfikiria wiki tatu mfululizo. Nikichukua nyekundu, nimejifunga. Nisipoupata ule waya kabla ya lori, kwaya imepita, na Auma amepita nayo.

Na kengele inalia tu. Nilikaa nikiitazama. Nakumbuka kabisa nilivyoiona wakati ule: niliiona kama ile fyuzi ya Kambi Muru, kitu kinachosumbua watu.

Nikakata kipande cha waya wa kijivu kutoka kwenye roli, urefu wa kiganja, nikaiziba rilei nacho. Kengele ikanyamaza. Moyoni nilisema nitafute kwa utulivu, nikipata nitautoa. Nikavuta nyaya kama ishirini, zote zimeshika. Nikatazama saa. Nikasema Jumatatu nitakuja mapema kabla ya mtu mwingine. Nikafunga mlango wa paneli.

Babu yako akaja akipangusa miwani. Alisimama kwanza, akasikiliza.

"Imenyamaza," akasema.

"Nimepata, mzee. Skrubu ilikuwa imelegea."

"Ulifunga rilei na nini?"

"Sikuifunga. Ilikuwa ile ya pili tu, nikaikaza pole pole."

Akaguna. Akanitazama kidogo, kisha akafanya alichofanya kila siku: akamwaga kopo mezani, akahesabu. Zikatimia kumi na mbili. Akafungua kitabu akaandika kwamba paneli iko sawa, akatia sahihi yake pale chini, ile yenye M kubwa kama milima. "Enda kanisani," akaniambia. "Usinikosee ile pambio ya pili." Wimbo waujua, ndio ule ninaousimulia kila mara. Niliuimba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu.

Jumatatu nilitumwa kazi nyingine, kuvuta nyaya za taa katika stoo. Ningeweza kuchomoka dakika tano. Lakini jambo ambalo halijaleta shida halikuiti, na kengele iliyonyamazishwa haikukumbushi. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walijua. Jumanne asubuhi mvua ilinyesha, ile ya vuli yenye upepo, na babu yako akatoka kwenda yadini kukagua mafuta ya transfoma moja. Kikombe kimoja cha kauri juu ya basibaa kilikuwa na ufa usioonekana. Maji yakapenya.

Rilei ikiwa na macho, ule ni mwako wa kupepesa: kila kitu kinakatika, mnasikia kishindo, mnakimbia kuangalia. Siku ile haikuona kitu. Umeme uliendelea kumwagika hewani mpaka swichi za mbali, kwenye vituo vingine, zilipochoka zikakata zenyewe. Watu wanasema ilikuwa kama sekunde moja, mbili. Mimi nilikuwa mlangoni pa stoo na niliona yadi nzima ikiwa nyeupe, na kauri ikipasuka na kuruka. Ilipokwisha, babu yako alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto, mikono usoni.

Jicho la kulia halikupona. Mkono wa kulia ulipona vibaya, vidole vikakakamaa, hakushika bisibisi tena.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hadi hapo nilikuwa kijana mjinga, na ujinga husamehewa. Yaliyofuata nayaita kwa jina lake. Wakati wenzangu wanambeba kwenye gari, mimi niliingia chumba cha paneli peke yangu. Nikafungua mlango. Nikatoa ule waya wa kijivu nikautia mfukoni. Kisha nikaanza kuvuta nyaya pale nilipoachia Jumamosi. Wa kwanza umeshika. Wa pili umeshika. Wa tatu ukacheza mkononi mwangu. Nyaya tatu, Nekesa. Ningebaki dakika moja zaidi siku ile, na lori lingeningoja. Nikaikaza skrubu, nikafunga mlango, nikaenda nje kulia na wengine, na machozi yalikuwa ya kweli.

Wakubwa walipokuja kuchunguza, walipima rilei ikafanya kazi kama mpya. Nyaya zote zimeshika. Hakuna kasoro. Basi kama mtambo hauna kosa, lazima kosa liwe la mtu. Walisema mwenye sahihi alisahau swichi ya majaribio, ambayo nayo huiziba rilei, ikiwa imegeuzwa, na katika purukushani mtu akairudisha. Walituita mmoja mmoja. Nikaulizwa kama Jumamosi niliona chochote kisicho cha kawaida. Nikajibu, "Hapana." Neno moja. Nimeishi ndani ya neno hilo kuliko nilivyoishi ndani ya nyumba yoyote.

Babu yako hakubishana. Alisema, "Sahihi ni yangu." Wakamstaafisha. Wakahama Olympic, wakaja kupanga chumba cha mabati huku Kawangware, mtaa wa chini kule karibu na mto. Baba yako alikuwa anasomea umeme wakati huo, akaacha, akaingia useremala. Aliniambia mwenyewe, nikiwa nimeshika kikombe cha chai kwao, kwamba ukoo wao hauna kichwa cha waya. Nikanywa ile chai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hasa ukiwa wewe ndiye uliyembebesha.

Mimi nilipanda cheo. Nilimwoa Auma. Hapo ndipo pananichosha zaidi, maana siwezi kusema natamani Jumamosi ile isingekuwapo. Kila nilichokipenda kilikuja siku hiyo. Mke, watoto, hata haya mazoea ya watu kuniomba wimbo. Nikijaribu kuitupa, naitupa na yeye.

Auma nilimwambia baada ya mtoto wetu wa pili. Alikuwa anachambua sukuma wiki. Aliacha kisu, akasema, "Okoth, inuka. Enda umwambie. Mimi nitakungoja hapa kwa mlango." Nikaenda. Nilimkuta babu yako nje ya chumba chake, ameketi juu ya debe, akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Aligeuza uso wote ili anione kwa lile jicho moja.

"Okoth," akasema kabla sijafungua kinywa, "hebu niambie. Ile Jumamosi, kopo ilikuwa na ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

"Nilihesabu vizuri?"

"Ulihesabu vizuri."

Akaguna. Akapukuchua gunzi lote mpaka likaisha, punje moja moja, nami nimesimama.

"Nimefikiria hiyo maneno sana," akasema. "Nyekundu nilikuwa nahesabu. Ya kijivu sikuhesabu hata siku moja. Hapo ndio makosa yangu."

Alijua, mwanangu. Sijui alijua tangu lini. Alikuwa ameketi pale miaka ile yote akiirudia hesabu yake, mpaka akafika mahali ambapo jibu lilikuwa moja tu, na akalichukua jibu hilo akaliita kosa lake. Aliingia ndani akatoka na kopo. "Chukua. Utafunza wengine." Aliniwekea mikononi. Nilikuwa na nafasi hapo, pana kama uwanja. Nikasema, "Asante, mzee." Nikaondoka.

Auma alikuwa mlangoni kweli. "Umesema?" akaniuliza.

"Anajua," nikamwambia.

"Kujua kwake si kusema kwako," akanijibu, akarudi kwa sukuma wiki yake. Hakulirudia neno hilo ila mara moja, hospitalini, wiki yake ya mwisho, nami nikamwahidi. Babu yako alikuwa ameshatangulia. Nikajiambia, basi, nimwambie nani tena? Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Nilifundisha vijana wengi kwa kopo lile. Nilipokuwa msimamizi, hata roli la waya wa kijivu nililipima kwa futi asubuhi na jioni. Waliniita Mzee Mchoyo. Hakuna aliyejua ni nani hasa nilikuwa ninamchunga.

Haya. Fungua hilo kabati, chini ya blanketi. Ndiyo, hilo. Limeshika kutu lakini kifuniko chake bado kinabana. Mwaga hapa mezani uhesabu. Hesabu kwa sauti, kama yeye.

Naam, zimekuwa kumi na tatu. Huo wa kijivu ndio wenyewe.

Usinitazame hivyo, au nitazame, una haki. Unalia kimya kama babu yako, naye hakuwa mtu wa sauti. Nilikuwa na maneno mengi ya kukupa leo uliposema habari ya kazi, maneno ya kila mzee, fanya bidii, heshimu wakubwa, amka mapema. Hayo utayapata popote. Mimi nakupa yale niliyoyanunua kwa jicho la mtu mwingine.

Kengele ikikusumbua huko, keti nayo mzoeane. Iulize inataka nini. Haikuwekwa pale kukuchokoza. Inalia kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye kokoto ambaye hajui kuna nini. Kitu chochote utakachokiweka kwa muda, kiwe na rangi ya kuonekana, na kiwe kwenye kitabu, na awepo mwingine anayejua. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu unaoota tende si lazima uwe wako. Hilo la mwisho hawakulisema wahenga, nimeliongeza mimi.

Na utakosea. Usidhani nakwambia usikosee. Babu yako alikosea mara nyingi, aliungua vidole, aliunganisha laini kinyume, na kila mara aliandika kitabuni, "Nimekosea mimi, Makokha," na jioni tulikunywa chai naye. Kosa lililosemwa siku ile ile hufanywa kazi, watu hulizunguka wakalitengeneza. Lililofichwa hukua nawe. Huoa nawe, hupanda cheo nawe, hukaa kwenye kiti hiki likikuangalia unapokunywa chai. Mimi ningesema ile Jumanne, wangenifukuza. Ningerudi Kambi Muru kufunga fyuzi. Ningekuwa maskini, nami ningelala.

Kesho ni Jumapili. Baada ya kanisa nataka kuja kwenu nimwambie baba yako, nawe uwepo. Anitukane, anifukuze, anipige na ubao akitaka, ni mtu mzima. Lakini usiniamini nitakuja mwenyewe. Miguu hii imewahi kufika mlangoni ikageuka. Uje unichukue saa saba, unishike mkono, unitembeze mpaka kwa mto. Kazi hii ina sahihi mbili, ya kwangu na ya kwako.

Kopo ni lako sasa. Nyekundu utumie. Kijivu kiache humo ndani, ukihesabu jioni kifike mkononi mwako.

Mungu wa babu yako akuongoze, mwanangu. Akupe macho mawili mpaka uzeeni. Akupe mkono usio na pupa na ulimi usiongoja kuulizwa. Wanaotembea chini ya nyaya zako watembee wakifikiria mambo yao, wasijue hata jina lako, warudi kwa watoto wao. Na akikupa kosa, akupe na ujasiri wa siku ile ile.

Jumatatu wakikuuliza wewe ni wa nani, waambie ni mjukuu wa Makokha. Uwaambie polepole, uso juu, maana babu yako hakusahau.